Kipimo cha moyo kwa mgonjwa wa virusi: tukitumie wapi, na kwa nani, hapa Kanda ya Ziwa?

Mgonjwa mwenye homa ya mapafu iliyoletwa na virusi anapofikishwa mapokezi ya hospitali yoyote ya Kanda ya Ziwa, daktari wa zamu hukabiliwa na maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni huu ni ugonjwa gani. La pili, ambalo ndugu waliomleta huliuliza kwa wasiwasi zaidi, ni hali yake inaelekea wapi. Swali hili la pili ndilo linaloamua nani apewe kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, nani aunganishwe kwenye mtungi wa oksijeni uliobaki, nani aandikiwe rufaa ya kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mwanza, na nani aruhusiwe kurudi nyumbani akiwa na maelekezo ya kurejea akizidiwa. Tangu UVIKO-19 ulipozuka, tafiti nyingi zimedai kwamba sehemu kubwa ya jibu lake imo ndani ya damu ya mgonjwa, tena katika vitu vinavyovuja au kutolewa na moyo wake.

Ninaamini madai hayo yana ukweli, na kwamba ukweli huo umekuwa ukifasiriwa kupita mipaka yake. Viashiria vya moyo katika damu vinaonyesha hatari halisi. Hata hivyo, kuonyesha hatari hakutoshi kuwa sababu ya kukifanya kipimo hicho kuwa sharti la kila mgonjwa anayelazwa, hasa mahali ambapo mgonjwa mwenyewe au familia yake ndiyo inayolipa maabara. Nafasi yake ni hatua ya pili, baada ya vipimo vya kando ya kitanda, na zaidi pale ambapo uamuzi wa rufaa unayumba. Kabla hata ya kukipa nafasi hiyo, lazima kwanza tukijaribu kwa wagonjwa wetu wenyewe, kwa kuwa damu ya mkazi wa Mwanza, Geita au Ukerewe ina sababu zake nyingi za kubeba viashiria hivyo hata pasipo virusi.

Tuanze na vitu vyenyewe. Troponini ni protini iliyomo ndani ya seli za msuli wa moyo, ambako husaidia kuratibu kubana na kulegea kwa msuli huo. Seli ikijeruhiwa, troponini huvuja na kuingia kwenye damu, na vipimo vya kisasa vyenye uwezo mkubwa wa kugundua huiona hata ikiwa kidogo mno, ikihesabiwa kwa nanogramu katika lita moja. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kimevuka mpaka ni kile kilicho juu ya viwango vya watu 99 kati ya 100 wenye afya. Kiashiria cha pili ni homoni iitwayo BNP, pamoja na kipande mwenza chake NT-proBNP, ambavyo hutolewa na kuta za moyo zinapotanuliwa na mzigo wa damu kuliko kawaida. Kwa hiyo troponini husema kwamba msuli umeumia, na BNP husema kwamba msuli umeelemewa. Mara nyingi huongezwa kipimo cha D-dima, ambacho kwa hakika si cha moyo, kwani hupima mabaki ya damu iliyoganda kisha ikayeyushwa na mwili, lakini katika tafiti za UVIKO-19 kilitembea bega kwa bega na hivyo viwili.

Kwa nini virusi vinavyoshambulia mapafu viuumize moyo? Njia ni nyingi, na wingi huo ni muhimu kwa hoja nzima. Oksijeni inaposhuka, moyo hulazimika kupiga haraka ilhali wenyewe unapokea oksijeni pungufu, na mgonjwa ambaye mishipa yake ya moyo ilikwisha kuwa myembamba huumia mapema. Mwitikio mkali wa kinga ya mwili humwaga kemikali za uvimbe ambazo hudhoofisha msuli huo. Damu huelekea kuganda katika mishipa midogo. Figo zikichoka, troponini na NT-proBNP hubaki kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Zaidi ya hayo, maambukizi yanaweza kuchochea shambulio la moyo la kawaida kabisa: utafiti uliofanyika Ontario nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba, katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na virusi vya mafua, kulazwa kwa shambulio la moyo kulikuwa mara 6 hivi ya vipindi vingine vya maisha ya watu hao hao. Virusi kuushambulia msuli wa moyo moja kwa moja, jambo ambalo watu wengi hulifikiria kwanza, ni njia mojawapo tu, wala si ya kawaida kuliko nyingine. Namba moja ya troponini, kwa hiyo, ni jumla ya mambo mengi, na haimwambii daktari ni lipi kati ya hayo linalomsumbua mgonjwa aliye mbele yake.

Ushahidi uliowavutia wengi ulitoka Wuhan mapema mwaka 2020. Katika Hospitali ya Renmin, kati ya wagonjwa 416 wa UVIKO-19 waliochunguzwa, 82 walikuwa na dalili za jeraha la moyo kwenye damu. Miongoni mwa hao walifariki asilimia 51.2, wakati kwa wale ambao damu yao haikuonyesha jeraha walifariki asilimia 4.5. Tofauti kubwa namna hiyo haikai kimya, na ndiyo sababu matokeo yale yalisambaa duniani kwa muda mfupi. Utafiti mwingine wa mji huo huo, uliohusu wagonjwa 187, ulifanya jambo ambalo mimi naliona lina thamani zaidi: uliwagawa wagonjwa kwa kuzingatia mambo mawili pamoja, yaani kama walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa hapo kabla, na kama troponini yao ilikuwa imepanda. Wasio na ugonjwa wa awali wala troponini iliyopanda walifariki kwa asilimia 7.6. Wenye ugonjwa wa awali lakini troponini ya kawaida, asilimia 13.3. Wasio na ugonjwa wa awali lakini wenye troponini iliyopanda, asilimia 37.5. Na wale waliokuwa na vyote viwili, asilimia 69.4.

Kundi la pili na la tatu ndiyo yanayofundisha. Mtu mwenye historia ya presha au moyo, ambaye troponini yake ilibaki chini, alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko mtu asiye na historia hiyo ambaye troponini yake ilipanda. Kwa maneno mengine, kipimo kilikuwa kinaongeza taarifa ambayo maelezo ya mgonjwa peke yake yasingeitoa. Baadaye New York, katika hospitali za Mount Sinai, wagonjwa 2,736 walichunguzwa, na asilimia 36 kati yao walikuwa na troponini iliyopanda, wengi wao kwa kiasi kidogo tu. Hata baada ya watafiti kuzingatia umri, magonjwa mengine na ukali wa hali ya mgonjwa, waliopanda kidogo walikuwa na hatari ya kifo iliyo karibu mara 1.75 ya wenzao, na waliopanda zaidi karibu mara 3. Uhusiano huu kati ya troponini na kifo si wa kubahatisha, na yeyote anayeupuuza hawatendei haki wagonjwa.

Hata hivyo, ninawaomba wasomaji wazirudie zile namba za Renmin kwa utaratibu, kwa sababu tafsiri yake hubadilika kulingana na upande unaosimama. Asilimia 51.2 ya watu 82 ni watu 42, asilimia 4.5 ya wale 334 waliobaki ni watu 15. Waliofariki jumla yao ni 57. Kumbe watu 15 kati ya hao 57, zaidi ya robo ya marehemu wote, ni wale ambao kipimo kilikuwa kimewapa majibu mazuri. Na watu 40 kati ya 82 waliotajwa kuwa hatarini walipona. Daktari ambaye angepeleka uangalizi wote kwa wenye troponini ya juu angewaacha hao 15 wafie kwenye wodi ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo huwapotosha hata wataalamu. Wagonjwa wa Wuhan walikuwa mahututi kwa wingi, kiasi kwamba karibu 14 kati ya kila 100 katika kundi lile walifariki. Tuchukulie sasa kipimo hicho hicho, chenye uwezo ule ule wa kutambua, kitumike kwa wagonjwa 1,000 wa mafua makali au virusi vingine ambao kati yao wangefariki 30. Kipimo kingewanasa takribani 22 kati ya hao 30. Lakini kati ya 970 ambao wangepona, takribani 108 nao wangeonekana kuwa hatarini. Kwa hiyo katika watu 130 walioambiwa kwamba moyo umeumia, wangefariki 22 tu, yaani mmoja kati ya 6, wala si mmoja kati ya 2 kama kule Wuhan. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaopimwa. Ndiyo maana sikubaliani na mtu anayechukua asilimia ya hospitali ya nchi nyingine, katika wimbi jingine la ugonjwa, akaisoma kando ya kitanda cha mgonjwa wa Nyamagana kana kwamba ni hukumu. Katika hesabu hii upande unaotuliza ni ule mwingine: kati ya 870 waliopata majibu ya kawaida wangefariki takribani 8, chini ya mmoja katika 100. Nitaurudia upande huo hapa chini, kwa sababu naona ndiko kipimo hiki kinakoweza kutusaidia zaidi.

Swali linalofuata ni gumu zaidi kuliko la uhusiano: je, kipimo hiki kinaongeza nini juu ya yale ambayo muuguzi tayari anayajua? Uingereza ilitoa jibu ambalo halijasomwa vya kutosha kwetu. Mwaka 2020 watafiti walitumia taarifa za wagonjwa 35,463 waliolazwa kwa UVIKO-19 kutengeneza alama ya hatari inayoitwa 4C, kisha wakaijaribu kwa wagonjwa wengine 22,361. Alama hiyo ina mambo 8: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine sugu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni kwenye damu, hali ya fahamu, urea (taka ambayo figo huichuja kwenye damu), na protini ya uvimbe iitwayo CRP. Wagonjwa wenye alama 0 hadi 3 walifariki kwa asilimia 1.2, wenye 4 hadi 8, asilimia 9.9, wenye 9 hadi 14, asilimia 31.4, na wenye 15 au zaidi, asilimia 61.5. Troponini haimo. Mambo 6 kati ya hayo 8 hupatikana kwa macho, saa, maswali na oksimeta ya kubana kidoleni, na mawili yaliyobaki ni vipimo vya kawaida vya maabara. Uchambuzi mpana uliofanywa wakati ule kuhusu mamia ya mifumo ya ubashiri ya UVIKO-19 uliona kwamba mingi ilijengwa kwa udhaifu mkubwa wa kitakwimu, na 4C ilikuwa miongoni mwa michache sana iliyoonekana kustahili kuendelezwa.

Sisemi kwamba alama ya 4C ichukuliwe kama ilivyo na kubandikwa ukutani katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Wagonjwa wetu ni vijana zaidi kuliko wale wa Uingereza, na magonjwa yanayowasindikiza ni mengine. Ninachosema ni kwamba hospitali ambayo wodi yake haina oksimeta inayofanya kazi kwa kila chumba, au ambayo kasi ya kupumua huandikwa 20 kwa kila mgonjwa kwa sababu hakuna aliyeihesabu kwa dakika nzima, haijafika mahali pa kujadili troponini. Oksijeni iliyoshuka chini ya asilimia 90 ni dalili ya homa kali ya mapafu, na inahitaji hatua papo hapo, haijalishi moyo unasema nini. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo na Tanzania ikiwa nje, ulionyesha kwamba katika wagonjwa 3,140 wa UVIKO-19 waliokuwa katika vyumba vya mahututi au uangalizi wa karibu, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, kiwango kilicho juu ya wastani wa dunia, na watafiti wakaihusisha hali hiyo kwa sehemu na upungufu wa rasilimali za uangalizi. Watu hawa walijulikana kuwa mahututi, na kutambua hatari hakukuwatosha kwa sababu baada ya kutambuliwa baadhi yao walikosa huduma iliyostahili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kiashiria kinaweza kutabiri nani atakufa bila kueleza hata kidogo nani atanufaika na tiba fulani, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo huchanganywa kila siku. Dawa iliyookoa maisha ya wagonjwa wengi wa UVIKO-19, deksamethasoni, ambayo ni ya bei nafuu na imekuwapo kwenye maduka ya dawa kwa miongo mingi, ilithibitishwa Juni 2020 kupunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kwa sehemu moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kigezo cha kuitoa kilikuwa hitaji la oksijeni, jambo linaloonekana kwa oksimeta. Hakuna aliyehitaji troponini. Dawa ya kuzuia damu isigande, heparini, ina funzo lake pia. Ilitarajiwa kwamba wenye D-dima ya juu ndio wangefaidika na dozi kubwa, kwa kuwa ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kufa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wagonjwa wasio mahututi walinufaika, wawe na D-dima ya juu au ya chini, na kwamba wale waliokuwa tayari mahututi hawakunufaika. Kiashiria kilichotabiri kifo vizuri kilishindwa kugawa tiba.

Nikirudi kwenye damu ya watu wa huku kwetu, nina wasiwasi ambao sijauona ukijibiwa katika tafiti za Wuhan wala New York, na si ajabu, kwa maana mengi ya matatizo haya hayakuwa ya kawaida kwa wagonjwa wao. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) kwa wingi zaidi, na kwa watu wazima wenye selimundu NT-proBNP inaweza kuwa juu kwa miaka, kwa sababu ya shinikizo katika mishipa ya mapafu na figo zilizochoka, bila maambukizi yoyote mapya. Malaria na minyoo huleta upungufu wa damu, na damu ikiwa pungufu sana moyo hufanya kazi ya ziada kiasi cha kuvujisha troponini. Kichocho cha utumbo, ambacho wavuvi na watoto wa mwambao hukipata kwenye maji ya ziwa lenyewe, katika hatua za mbali huweza kupandisha shinikizo la mishipa ya damu ya mapafu na kuutanua upande wa kulia wa moyo. Yapo magonjwa ya valvu za moyo yaliyoachwa na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Ipo presha isiyojulikana na mwenyewe, ambayo hugunduliwa siku mtu anapolazwa kwa kitu kingine. Wapo wanaoishi na VVU ambao moyo wao umedhoofika taratibu.

Kila moja ya hali hizi hupandisha kiwango cha mwanzo. Mgonjwa wa selimundu kutoka Magu mwenye NT-proBNP ya juu anaweza kuwa yuko katika hali yake ya kila siku. Mama wa Sengerema mwenye hemoglobini ya 5, yaani upungufu mkubwa wa damu, na troponini iliyovuka mpaka anahitaji damu kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo kimoja kilichochukuliwa mara moja hakiwezi kutofautisha hayo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kuhusu jeraha la msuli wa moyo unasisitiza mabadiliko: troponini inayopanda au kushuka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni ishara ya jeraha jipya, na ile inayobaki palepale huelekeza kwenye tatizo la siku nyingi. Kwa bahati mbaya kipimo cha pili ndicho kinachoachwa kwanza fedha zinapokuwa chache, na hapo tunabaki na nusu ya taarifa iliyolipiwa kwa bei kamili.

Wataalamu wa maabara wana lao la kuongeza, na mara nyingi hawaulizwi. Namba ya troponini ya mashine moja hailingani na ya mashine nyingine, hasa kwa troponini I, ambayo kila mtengenezaji huipima kwa namna yake. Mgonjwa aliyepimwa Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, na kupimwa tena Mwanza kwa mashine tofauti anaweza kuonekana amepanda au ameshuka ilhali hali yake haijabadilika. Sampuli ambayo chembe zake nyekundu zimepasuka kwa sababu ya kuchotwa vibaya au kusafirishwa kwenye joto hupotosha majibu. Na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huisha. Hospitali inayotaka kuweka kipimo hiki kwenye utaratibu wake wa uamuzi lazima iwe na uhakika wa kuwa nacho usiku wa Jumapili, la sivyo madaktari watakizoea kisha wakikose siku wanayokihitaji.

Baada ya kuyasema yote hayo, bado naona mahali ambapo troponini ingefanya kazi ya maana huku kwetu, na mahali hapo ni kwenye rufaa. Jiografia ya ziwa hufanya uamuzi wa kumhamisha mgonjwa kuwa mzito. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukara huvuka kwanza kwa kivuko hadi Bugolora, kisha husafirishwa hadi Nansio, kisha huvuka tena maji kwa saa kadhaa kufika jijini, na safari hiyo kwa mtu anayehitaji oksijeni ina hatari zake. Kwa upande wa Sengerema na Geita hali imekuwa nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa gari la wagonjwa halingojei tena kivuko. Lakini kitanda cha Bugando, hospitali ya rufaa inayobeba mikoa ya kanda nzima, hakijaongezeka kwa sababu ya daraja. Kila rufaa isiyo ya lazima humnyima mtu mwingine nafasi.

Tuchukue basi wagonjwa wa katikati: wale ambao oksijeni yao iko kati ya 90 na 94, wanapumua haraka kiasi, wana umri wa makamo na labda presha, na daktari wa hospitali ya wilaya hana uhakika. Wale wa hali mbaya waziwazi wapelekwe bila kungoja kipimo, na wale wa hali nzuri wasipimwe. Kwa hawa wa katikati, troponini mbili zilizochukuliwa kwa kupishana saa kadhaa, zote zikiwa chini, zingempa daktari ujasiri wa kumbakiza mgonjwa Nansio chini ya uangalizi, karibu na ndugu zake wanaompikia na kumfulia. Ikipanda kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, simu ipigwe Mwanza mapema, kipimo cha umeme wa moyo kifanyike, na mgonjwa avushwe kukiwa bado na mchana. Nguvu ya kipimo ninayoitegemea hapa ni ile ya kutuliza, ile ya mmoja chini ya 100, zaidi ya ile ya kutisha. Naona pia kwamba kipimo ambacho majibu yake hayatabadilisha chochote, kwa mgonjwa ambaye tayari ameamuliwa kwenda au kubaki, hakipaswi kuandikwa kwenye bili ya familia yake.

Lakini hayo ni matarajio yanayohitaji kuthibitishwa, na uwezo wa kuyathibitisha upo hapa hapa. Mwanza ina Chuo Kikuu cha CUHAS kilicho pamoja na Bugando, ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina hospitali ya mkoa ya Sekou Toure na hospitali za wilaya zinazolaza wagonjwa wa mapafu mwaka mzima. Hatuhitaji kungoja janga jipya. Mafua ya msimu, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, yapo nasi. Utafiti ungewaandikisha wagonjwa wote wanaolazwa kwa maambukizi makali ya njia ya hewa, na neno wote ni la lazima, kwa maana tafiti nyingi za mwaka 2020 ziliwatumia tu wale ambao daktari alikuwa amekwisha kuwaandikia kipimo cha moyo, yaani wale aliokuwa tayari na wasiwasi nao. Ungerekodi kwanza vipimo vya kando ya kitanda, hemoglobini, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), hali ya selimundu na VVU, kisha troponini mbili. Ungefuatilia kila mtu kwa siku 30, kwa simu au kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa mvuvi aliyeruhusiwa leo anaweza kuwa kwenye kambi ya kisiwa kingine wiki ijayo. Na ungeuliza swali moja tu kwa uthabiti: ukishajua umri, oksijeni, kasi ya kupumua, fahamu na hemoglobini, je, troponini inawahamisha wagonjwa wangapi kutoka kundi moja la uamuzi kwenda jingine, na je, uhamisho huo ulikuwa sahihi?

Jibu la swali hilo lingetufaa pia siku virusi vingine vitakapokuja. Kanda hii imekwisha kuona Marburg mara mbili katika miaka ya karibuni, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, na kila mlipuko huanza na madaktari kukosa muda wa kujifunza. Hospitali iliyozoea kuandika kasi ya kupumua kwa usahihi na kujua troponini yake ina maana gani kwa wagonjwa wenye malaria na selimundu itaanza ikiwa mbele.

Limebaki kundi ambalo mijadala ya ubashiri hulisahau kwa sababu halihesabiwi kwenye vifo: wale watu 40 wa Renmin ambao moyo wao uliumia na wakapona, na wenzao walio kwenye wodi zetu. Mtu huyo huondoka hospitalini akiwa na furaha ya kupumua tena, na karatasi yake ya kuruhusiwa imeandikwa nimonia. Kwa baadhi yao troponini ile inaweza kuwa taarifa ya kwanza kwamba kuna presha, figo au valvu yenye shida iliyokuwapo kabla ya virusi kuja. Wale watakaokuwa wamepimwa, namba hiyo na tarehe yake viandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwa maneno yanayosomeka, pamoja na agizo la kupima presha na mkojo baada ya wiki 2 katika kituo cha karibu, na kufanyiwa ultrasaundi ya moyo ikiwa bado anachoka akipanda mlima au miguu inavimba. Mganga wa kituo cha afya cha Bwisya, kule Ukara, hahitaji mashine ya troponini ili kuifanya kazi hiyo; anahitaji kuambiwa ni mgonjwa yupi wa kufuatiliwa.